Ujasiri wa Kutoa Upepo

Fuso ilisimama bila kupungiwa mkono. Dereva akashuka na kandambili zake, akalitazama gari langu lililoinamia upande mmoja kama mtu anayeuguza jino, akaitazama na mashine ndogo ya njano iliyokuwa inafuka moshi kando ya gurudumu, kisha akamgeukia mjomba wangu.

"Shikamoo mzee. Mnachoma mahindi?"

"Marahaba, mwanangu. Tunajaza upepo. Tumeanza saa nane."

Saa kumi ilikuwa inakaribia. Tulikuwa kilomita chache kaskazini ya Mto wa Mbu, tukirudi kutoka Ziwa Natron. Ningeweza kujikongoja taratibu hadi kwa fundi pancha pale mjini, na mjomba alishauri hivyo. Lakini nilikuwa nimenunua kompresa, na mtu akishanunua mashine hutafuta sababu ya kuiwasha. Tairi la kwanza lilijaa, ingawa lilichukua dakika kumi. Tulipofika katikati ya tairi la pili, kichwa cha plastiki cha mpira wa kompresa kikalainika kwa joto na kuing'ang'ania valvu. Nilipokivuta kikatoka na kijisindano cha ndani, na upepo wote ukatoka nao. Spea tulikwisha kuitumia juzi yake, baada ya jiwe la volkano kuchana ubavu wa tairi karibu na kijiji cha Ngare Sero.

Dereva wa Fuso alikirudisha kijisindano mahali pake, akakikaza, akaenda kwenye lori lake na kurudi akiburuta mpira mrefu mweusi. Ncha moja ilikuwa kwenye tangi la upepo wa breki, nyingine akaipachika kwenye tairi langu. Lori likanguruma, tairi likainuka. Alizunguka magurudumu yote manne hata sijamaliza kutafuta noti ya kumpa. Aliikataa, akachukua chupa moja ya maji.

"Kaka," aliniambia akipanda lori, "wewe una mashine, mimi nina upepo."

Mjomba alicheka hadi Makuyuni.

Safari hiyo tuliianza siku tatu nyuma, Arusha, nikiwa na imani kubwa. Mjomba aliendesha watalii kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, na mimi nilikuwa nimenunua Prado kuukuu yenye matairi ya 265/70R16. Nilitaka anifundishe njia ya Natron, ile inayoiacha lami Mto wa Mbu na kufuata ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea kaskazini, kupitia Selela na Engaruka hadi Ngare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai. Ni mwendo wa kilomita mia na ushee ambao kwenye ramani unaonekana kama wa kwenda sokoni na kurudi.

Lami ilipokoma nilikanyaga mafuta. Barabara ilikuwa kama bati la migongo midogo lililotandikwa chini: kila kitu ndani ya gari kilitetemeka, kuanzia vioo hadi meno. Mjomba alivumilia kama dakika ishirini.

"Upepo ngapi humo?"

"Thelathini na sita, mjomba. Kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema."

"Kibandiko hicho kiliandikwa na mtu aliyekaa kwenye lami. Toa upepo."

Sikutoa. Nilimwambia matairi laini yatapata pancha, kwamba gari litakunywa mafuta, kwamba nitafanya hivyo baadaye. Leo nikijihoji, naona sababu zote zilikuwa pazia. Nilijua kwamba upepo nitakaoutoa itabidi niurudishe, na ndani ya moyo wangu sikuiamini ile mashine ya njano iliyokuwa kwenye buti, hata kama boksi lake liliandikwa PSI 150 kwa herufi za kung'aa.

Mbele ya Engaruka njia inakata makorongo ya mchanga yanayoshuka kutoka ukutani mwa bonde. Korongo la tatu lilitumeza. Magurudumu ya nyuma yalijichimbia hadi ekseli ikalala mchangani, na kila nilipoongeza mafuta tulizidi kushuka. Mjomba alizima gari yeye mwenyewe, akateremka, akaokota kijiti na kuchuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Hakusema kitu. Ule mlio wa upepo unaotoka ulidumu kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mtu anamwaga fedha zangu. Tuliondoa mchanga kwa mikono, akaniambia niweke gia ya kwanza, nisikanyage sana. Prado ikatoka korongoni bila ubishi, kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba.

"Umeona unyayo?" aliniuliza.

Nilirudi kuangalia alama za matairi. Pale tulipoingia zilikuwa nyembamba na zenye kina; pale tulipotokea zilikuwa ndefu, tambarare, hazikuzama hata nusu ya kidole.

Hesabu yake mtu anaweza kuifanya kwa kijiti mchangani. Gari langu likiwa na mizigo lina kilo 2,200 hivi, na tukigawa sawa, kila tairi linabeba 550. PSI 36 ni sawa na kilo mbili na nusu kwa kila sentimita ya mraba. Kwa hiyo sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni karibu sentimita za mraba 220, eneo dogo kuliko ukurasa wa daftari la shule. Juu ya kurasa nne za daftari nimepakia injini, mjomba, maji, jiko na mahema. Nikishusha upepo hadi PSI 18, unyayo unakaribia kuwa maradufu, na huongezeka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, ndiyo maana gari huelea badala ya kuchimba. Ugumu wa mpira wenyewe hubadilisha hesabu kidogo, lakini maana yake haibadiliki. Kwenye migongo ya bati nako, tairi laini linameza kishindo ambacho tairi gumu lingekikabidhi kwa shokamzoba na uti wako wa mgongo.

Kila faida ina deni lake. Tairi lenye PSI 18 linajikunja sana kila linapozunguka, linapata joto, na ukilikimbiza linaweza kupasuka. Ubavu wake unatokeza nje, ukijitoa kwa mawe makali ya volkano, na ndiko nilikopoteza lile tairi siku iliyofuata kwa kupita penye mawe kana kwamba bado niko mchangani. Ukishuka chini ya PSI 15 na kukata kona ghafla, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Kwa hiyo mwenye kutoa upepo anaweka ahadi mbili: kwenda polepole, na kuurudisha upepo kabla ya lami. Ahadi ya kwanza iko mguuni mwako. Ya pili iko kwenye mashine yako, na yangu ilivunjika mbele ya dereva wa Fuso.

Wiki mbili baadaye mjomba alinipeleka kwenye duka moja la vipuri Arusha. Nilikuta kompresa zimepangwa kama biskuti, na muuzaji alianza na ile ile lugha ya boksi.

"Hii kiboko, bosi. PSI 150."

Mjomba aliishika, akaipima uzito mkononi. "Tairi la huyu linataka 36. Hizo 114 zilizobaki atazipeleka wapi?"

Muuzaji alicheka, na mimi nikaelewa kosa langu la kwanza. Namba kubwa iliyo juu ya boksi inaeleza mwisho wa nguvu za mashine, mahali ambapo gari dogo halifiki kamwe. Pampu ya baiskeli nayo inaweza kufika mbali kwenye PSI. Jaribu kujaza tairi la Prado kwa pampu ya baiskeli. Namba ya kutafuta ni lita kwa dakika, yaani hewa kiasi gani inaingia ndani ya tairi wakati tairi lenyewe linapinga. Wengi huandika lita zinazotoka mashine ikipuliza hewani, bila mzigo. Kampuni kama ARB ya Australia huandika namba zote mbili, na tofauti yake inafundisha: kompresa yao ya silinda moja inayotoa lita 75 hewani hushuka hadi 62 hivi inaposukuma dhidi ya PSI 29. Hiyo ni mashine nzuri. Ile ya bei ya chee huporomoka zaidi.

Tairi la 265/70R16 lina nafasi ya takriban lita 70. Kulitoa PSI 18 na kulifikisha 36 kunataka kati ya lita 85 na 90 za hewa ya nje. Manne yote, karibu lita 350. Mashine yangu ya njano, kwa jinsi ilivyochukua dakika kumi kwa tairi moja, ilikuwa inaingiza lita zisizozidi tisa kwa dakika. Yaani ingenichukua dakika arobaini za kunguruma mfululizo, na hapo ndipo lilipo swali la pili ambalo boksi huliandika kwa herufi za mchwa: inafanya kazi muda gani kabla ya kupumzika?

Kubana hewa huzalisha joto. Yeyote aliyewahi kushika pampu ya baiskeli kwa chini anajua. Kompresa ndogo hazina pa kulipeleka joto hilo. Ukikuta imeandikwa asilimia 33, maana yake katika kila nusu saa itafanya kazi dakika kumi na kupumzika ishirini. Nilipiga hesabu pale pale dukani: dakika arobaini za kazi kwa mafungu ya dakika kumi, na mapumziko matatu katikati, ni dakika mia moja. Hata kama mpira usingeharibika, saa kumi ingekaribia tukiwa bado tunachoma mahindi. Waswahili walishasema, rahisi huvunja upishi. Nashukuru kwamba kilichovunjika kwangu ni mpira tu.

Swali la tatu mjomba aliliuliza kwa kufungua boneti: umeme unatoka wapi? Mashine za kuchomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara zinafungwa mikono na fyuzi, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15. Hakuna miujiza hapo. Umeme kidogo, upepo kidogo. Kompresa ya maana inaiuma betri moja kwa moja kwa vibanio viwili, inakula ampea 30 hivi, na inataka injini iwe inaunguruma ili betri isije ikakulaza porini. Akanitahadharisha pia kwamba baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani hutumia volti 24, na mtu akibana kompresa ya volti 12 juu ya betri mbili zilizounganishwa atanunua nyingine kesho yake.

Tulipunguza hadi mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa ndugu wa ile ya njano, tukaiacha. Ya tatu ilikuwa ya silinda mbili, nzito, ya kufungwa moja kwa moja ndani ya boneti, inayotoa zaidi ya lita 130 kwa dakika hata ikiwa na mzigo. Ingejaza tairi langu kwa chini ya dakika moja. Niliitamani. Mjomba aliniuliza nina magari mangapi. Moja. Naenda porini mara ngapi? Mara tatu, nne kwa mwaka. "Hii wape wenye kampuni," alisema, "wenye magari sita yanayotoka kwenye vumbi kwa wakati mmoja, na wageni wana ndege." Ilitaka nyaya nene, rilei na nafasi ambayo Prado yangu haina, na bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya katikati.

Ya katikati ndiyo tuliyoijaribu. Muuzaji hakupenda, lakini mjomba ana namna ya kusema "mwanangu, tusaidie tu" ambayo ni vigumu kuikatalia. Tulitoka nje, tukashusha tairi la nyuma hadi 18, tukabana vibanio kwenye betri, nikawasha saa ya simu. Dakika moja na sekunde hamsini ilisoma 36. Tukashusha tena, tukajaza tena, mara nne mfululizo, kwa sababu gari lina matairi manne na duka haliwezi kukuonyesha uchovu kwa tairi moja. Mwishoni mwili wake ulikuwa wa moto lakini sauti haikubadilika. Mpira wake ulifika gurudumu la nyuma bila kuvutwa, ulikuwa umesukwa nyuzi, na kichwa chake kilikuwa cha shaba. Kulikuwa na kichujio cha hewa kinachofunguka kwa mkono, na swichi ya ndani inayojizima joto likizidi.

Nililipa. Muuzaji aliniongezea geji bila malipo, nafikiri ili tuondoke.

Safari ya pili tuliifanya Septemba iliyofuata. Lami ilipokoma nilisimama bila kuambiwa, nikashuka na kutoa upepo matairi yote hadi 22, kiasi cha barabara ya bati, nikiacha 18 kwa ajili ya mchanga. Ule mlio ulionikera mara ya kwanza sasa niliusikia kama mtu anayepumua baada ya kutua mzigo. Gari lilitulia. Kwa mara ya kwanza niliweza kuangalia nje.

Kuna mengi ya kuangalia. Engaruka, chini ya ukuta wa bonde, kuna mabaki ya mji wa wakulima walioishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18: ngazi za mawe, mitaro ya kumwagilia, mashamba yaliyogawanywa kwa kuta fupi. Watu hao waliyachota maji ya mito midogo ya ukutani wakayaongoza kwenye nchi kavu kwa kipimo, mtaro kwa mtaro. Mbele yake Lengai huanza kuonekana, mlima wa Mungu kwa Kimaasai, mita 2,962, wenye kilele cheupe ambacho wageni hudhani ni theluji. Ni volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya aina yake, yenye soda nyingi na joto la chini sana kwa lava, nyuzi 500 hadi 600 hivi. Hutoka nyeusi kama lami, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mlipuko ulioanza mwaka 2007 ulimwaga majivu juu ya malisho ya eneo zima. Majivu ya mlima huo ndiyo yanayokuja dirishani kama unga wa sembe, na ndiyo niliyoyakung'uta kutoka kwenye kichujio cha kompresa jioni ile.

Korongo la tatu tulilipita mjomba akiwa amelala.

Asubuhi yake kijana wa Ngare Sero alituongoza hadi kwenye nyayo. Kusini mwa ziwa, juu ya tabaka la majivu yaliyogeuka mwamba, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400. Watafiti wanazikadiria kuwa na umri wa kati ya takriban miaka 6,000 na 19,000. Mwaka 2020 walichapisha walivyozisoma nyayo za watu 17 waliotembea pamoja kuelekea upande mmoja, wengi wao wanawake. Huoni mwili, huoni kabila, huoni jina. Unaona kisigino, upinde wa mguu, vidole vitano, na mahali ambapo tope lilibanwa kidogo zaidi kwa sababu mtu aliharakisha.

Mjomba alichuchumaa, kama alivyochuchumaa kwenye gurudumu lile mwaka uliotangulia, akaweka kiganja chake hewani juu ya unyayo mmoja bila kuugusa.

"Huyu hakuzama," alisema.

Nilifanya hesabu yangu ya kijiti. Mtu wa kilo 60 akikanyaga kwa mguu mmoja huibana ardhi kwa karibu nusu kilo kwa sentimita ya mraba. Prado yangu, hata ikiwa na PSI 18, inabana zaidi ya mara mbili ya hapo. Wale wanawake walipita juu ya majivu yaliyolowa, na pengine walikuwa na mizigo, kwa miguu ambayo tayari ilikuwa na upepo unaofaa. Sisi tumekuja na chuma cha tani mbili, tukadai ardhi itubebe bila sisi kulegeza chochote.

Tulirudi siku ya tatu. Nilisimama mahali palepale karibu na Mto wa Mbu, kwa makusudi, nikafungua boneti na kubana vibanio. Tairi la kwanza, la pili. Mjomba alimenya chungwa. Nilipofika la nne alikuwa bado hajalimaliza. Dakika kumi na mbili jumla, pamoja na kuhamisha mpira na kupiga picha moja ya mashine ambayo sikumtumia mtu yeyote.

Pale mjini nilisimama kwa fundi pancha, yule ambaye mwaka uliotangulia ningepaswa kumfikia. Nilitaka tu akague tairi moja lililokuwa na jiwe kwenye meno yake. Alilitoa jiwe kwa bisibisi, kisha bila kuombwa akatoa geji yake, kijiti cha chuma kilichochakaa hadi namba zimeanza kufutika, akazunguka gari zima.

"Nani amejaza?"

"Mimi, fundi. Nina kompresa yangu."

"Nzuri," alisema. "Yote manne yako sawa kabisa." Akanionyesha kijiti chake. "Ila yote yako thelathini na tatu. Mashine yako nzima, geji yako mwongo."

Nikaikumbuka geji ile niliyopewa bure. Mjomba tayari alikuwa anacheka, na Makuyuni ilikuwa bado mbali.